Tarehe 1 Julai Ikitazamwa kutoka Buhigwe: Hoja Dhidi ya Historia ya Siku Zinazokutana

Tarehe 1 Julai imebeba mengi katika ukanda wa Maziwa Makuu. Siku hiyo mwaka 1885 ilizaliwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini Mkataba wa Heligoland na kukubaliana mipaka ya himaya zao Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru. Na mwaka 2007 nchi hizohizo mbili zikawa wanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa msomaji wa Buhigwe, wilaya inayopakana na Burundi pale Manyovu, orodha hiyo inamhusu moja kwa moja, na ni rahisi kuisoma kama kisa kimoja: wageni waligawana nchi siku fulani, wenyeji wakajikomboa siku iyo hiyo, kisha wakaungana na jirani zao siku iyo hiyo. Usomaji huo ni wa kupotosha. Tarehe kukutana si ushahidi wa matukio kuhusiana. La kuuliza ni nani aliyeipanga tarehe na alikuwa na sababu gani.

Hesabu ya uwezekano inatuonya mapema. Katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Sembuse maelfu ya matukio yaliyogawanywa katika siku 366. Isitoshe, hesabu hiyo huchukulia kwamba siku zote zina nafasi sawa, ilhali tarehe za serikali haziko hivyo. Ofisi hupenda kuanza mambo tarehe mosi, na 1 Julai huanza nusu ya pili ya mwaka. Ndiyo siku ambayo mwaka wa fedha wa Tanzania huanza hadi leo. Uhuru wa Burundi wenyewe ulipangiwa siku mezani: tarehe 27 Juni 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua udhamini wa Ubelgiji ukome tarehe 1 Julai, siku nne tu mbele. Siku hiyo inaelezwa vya kutosha na utaratibu wa udhamini, bila kuuhitaji mkataba wa 1890.

Patakuwa na atakayesema kwamba uhusiano upo hata kama tarehe ni bahati, kwa kuwa bila mkataba ule kusingekuwa na mpaka. Pingamizi hili ni zito, lakini kwa upande wa Buha, nchi ya Waha ilimo Buhigwe, linaanguka kwenye ushahidi. Mkataba wa 1890 haukuitenga Buha na Burundi. Uliziacha zote mbili kwa Wajerumani. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 na kuishika hadi 1921, na ni makubaliano ya wajumbe wa Uingereza na Ubelgiji, Milner na Orts, ya mwaka 1919 yaliyoiacha Burundi kwa Ubelgiji na Buha kwa Uingereza. Hapo ndipo Waha na Warundi, ambao lugha zao zinasikilizana, walipowekwa chini ya madola mawili. Anayeing'ang'ania 1 Julai anauruka mwaka huohuo ulioamua hatima ya Buhigwe.

Kigoma inatoa mfano ulio wazi zaidi. Tarehe 5 Februari 1915 Wajerumani waliishusha majini meli ya Goetzen, ambayo sasa ni MV Liemba. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM. Kati ya mbili za mwisho kuna uhusiano wa kweli, kwa sababu waasisi wa chama kipya waliichagua siku ya kutimia miaka kumi ya Azimio. Hata hivyo uchaguzi huo ni ushahidi kuhusu nia za mwaka 1977. Hauongezi lolote katika tunayoyajua ya mwaka 1967. Meli haimo kabisa katika uhusiano huo, ingawa imekaa kwenye tarehe ileile.

Watetezi wa kumbukumbu watasema mwanafunzi anahitaji tarehe ili akumbuke. Ni kweli, na sidai zifutwe. Tatizo ni kwamba kalenda hupendelea yaliyotiwa saini. Maandamano ya Bujumbura, Burundi, ya kupinga rais kugombea muhula wa tatu yalianza tarehe 26 Aprili 2015, siku ambayo Tanzania huadhimisha Muungano, na kukutana huko hakuna maana yoyote. Lenye maana lilifuata: maelfu ya wakimbizi walirundikana Kagunga, ufuko mwembamba uliobanwa na milima, wakisubiri Liemba iwachukue, takriban watu 600 kwa kila safari, hadi mjini Kigoma, ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wengine waliingia kwa nchi kavu kupitia Manyovu, na baadaye kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Jambo hilo lilichukua wiki na miezi, kwa hiyo halina siku ya kuadhimishwa. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972 na kwa waliokimbia baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwaka 1993.

Kwa hiyo walimu na waandishi wa historia ya Kasulu, Kibondo na Buhigwe wasingoje maadhimisho ya mtu ndipo wayafundishe haya. Waupe mwaka 1919 somo lake, na wakimbizi sura yao, na kila wanapoandika tarehe ya serikali, waandike pembeni yake ni ofisi gani iliyoipanga.