Kanisa la Wamarekani Weusi na Kipimo cha VVU

Mtu akikataa kupima VVU, sisi watu wa kanisa huwa wepesi kusema ni mjinga au mkaidi. Historia ya ndugu zetu Weusi wa Marekani inatudai tuulize kwanza ni nani aliyemwita akapime.

Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza utafiti wa kaswende karibu na mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama. Wanaume Weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, waliandikishwa. 399 walikuwa na ugonjwa huo. Waliambiwa wana "damu mbaya". Walipewa chakula, usafiri na ahadi ya gharama za mazishi. Tiba hawakupewa, hata baada ya penisilini kuthibitika kuwa inaponya katika miaka ya 1940. Wako wanaosimulia kwamba serikali ndiyo iliyowaambukiza. Hapana, walikuwa tayari nao, wakaachwa waugue huku madaktari wakiandika. Linalotuuma zaidi ni kwamba matangazo ya kuwaita yalipitia pia makanisani. Utafiti ulikoma mwaka 1972, magazeti yalipoufichua, na Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997.

Basi kipimo cha VVU kilipoidhinishwa Machi 1985, Mmarekani Mweusi alikuwa na haki ya kuuliza damu yake inapelekwa wapi. Tena wakati ule majibu yalimwonyesha mtu kaburi tu. Dawa za mchanganyiko zilizobadili hali hiyo zilikuja mwaka 1996.

Na kanisa? Kanisa lililobeba mgomo wa mabasi wa Montgomery mwaka 1955 lilinyamaza. Ugonjwa ulihusishwa na sindano za dawa za kulevya na mapenzi ya jinsia moja, mambo ambayo mimbari haikutaka kuyataja hata kwa maombi. Wengi walizikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Mwaka 1989 Pernessa Seele, mtaalamu wa kinga ya mwili aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Harlem, New York, aliona wagonjwa wa UKIMWI wakifa bila mchungaji wala mama wa kanisa kando ya kitanda. Alikwenda kubisha hodi kwa viongozi wa dini mmoja mmoja, Wakristo na Waislamu, akawaomba jambo ambalo hawakuweza kulikataa: maombi. Hakuwaomba wabadili mafundisho yao. Ndivyo ilivyoanza Wiki ya Maombi ya Harlem, ambayo ilizaa shirika la The Balm in Gilead, kwa jina la ile zeri aliyoiulizia Yeremia katika sura ya 8. Baadaye shirika hilo lilifanya kazi na jumuiya za dini hata hapa Tanzania.

Tunaona hekima kubwa katika neno "wiki". Wiki ya maombi hurudi kila mwaka, mwezi wa Machi, kama Kwaresima inavyorudi. Tarehe 7 Februari nayo ni siku ya Wamarekani Weusi kuhimizana kupima. Wataalamu wa serikali walipotoa mwongozo wa mwaka 2006, walisema kila mtu wa miaka 13 hadi 64 apime walau mara moja, na aliye katika hatari zaidi apime kila mwaka. Sababu iko wazi: baada ya kuambukizwa, kipimo cha kingamwili kinaweza kuchukua hadi siku 90 kabla ya kuonyesha virusi, na majibu ya mwaka jana hayasemi lolote kuhusu mwaka huu. Zahanati humngoja mtu aje. Kanisa lina kalenda, na lina mtu anayejua nani hakuonekana Jumapili iliyopita.

Kazi bado ni kubwa. Weusi ni kama 13 katika kila Wamarekani 100, lakini katika kila watu 100 wanaogundulika na VVU, karibu 40 ni wao. Kinachosaidia ni kwamba tangu Novemba 2002 kipo kipimo cha haraka. Zamani mtu alitoa damu akasubiri siku nyingi, na wengi hawakurudi kuchukua majibu. Sasa anakaa dakika 20 katika ukumbi wa kanisa, na mchungaji aliyepimwa kabla yake ameketi kiti cha pili.