King Kong: Mchezo uliovuka mipaka ya Johannesburg

Mchezo wa kuigiza wenye muziki, King Kong, ulipofunguliwa mjini Johannesburg tarehe 2 Februari 1959, sababu za kuutilia shaka zilikuwepo. Ulisimulia maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, aliyeitwa kwa jina hilo. Wasanii wote walikuwa weusi, wengi wao waimbaji wasio na uzoefu wa maigizo. Ulioneshwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwani kumbi nyingi za mji hazikuruhusu weusi na wazungu kuketi pamoja.

Watazamaji walifurika, na mwaka 1961 mchezo ukafika London. Baadhi ya wasanii hawakurudi. Miriam Makeba, nyota wake wa kwanza, alikwishazuiwa kurejea mwaka 1960. Aliiona tena nchi yake mwaka 1990.