Jua la Mbuyuni, Saa ya Mogadishu

Saa sita kamili mchana pale Ruaha Mbuyuni, jua bado halijafika katikati ya safari yake. Kwa wastani wa mwaka linafika hapo saa sita na dakika 34. Saa za simu haziko mbovu, ila hazifuati jua la pale.

Hebu tupige hesabu. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kila dakika nne. Tanzania inatumia saa tatu mbele ya Greenwich, na saa hizo ni za mstari wa digrii 45 mashariki. Sasa chukua ramani uutafute mstari huo. Haugusi nchi yetu hata kidogo! Unapita baharini, mbali na pwani yetu, kisha unaingia Somalia karibu kabisa na Mogadishu. Kwa hiyo tunapoangalia saa, tunasoma jua la Mogadishu.

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaonyesha jambo hili vizuri. Jua la Dar linafika kati, kwa wastani, saa sita na dakika 23, na la Mbeya saa sita na dakika 46. Mbuyuni, pamoja na vitunguu vyake na mibuyu yake, iko karibu katikati ya tofauti hiyo. Lori likivuka Tunduma na kuingia Nakonde, Zambia, saa inarudi nyuma saa nzima kwa hatua chache tu, ingawa jua la Tunduma liko karibu zaidi na saa ya Zambia kuliko na yetu.

Tulifikaje hapa? Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakaichagua Greenwich kuwa mstari wa sifuri. Mwezi uliofuata ukafunguliwa Mkutano wa Berlin. Yaani mistari ya saa na mistari ya kuigawa Afrika ilijadiliwa katika msimu mmoja, na sisi hatukuwamo katika mjadala. Baadaye wakoloni wenyewe walisitasita: Kenya iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Ile saa mbili na nusu ingeifaa Mbuyuni, ingepishana na jua lake kwa dakika nne tu.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Waswahili tayari tulikuwa na hesabu yetu. Jua likichomoza siku imeanza, na saa moja ni saa moja baada ya hapo. Karibu na ikweta hesabu hiyo inafaa mwaka mzima. Lakini tumeibandika juu ya saa ya mstari wa mbali, kwa hiyo Mbeya, mwezi wa Julai, jua linachomoza karibu saa moja kamili. Saa moja gani hiyo, wakati siku ndiyo kwanza inaanza?

Sisemi kila mji uwe na saa yake. Ratiba ya treni ya TAZARA isingesomeka, na mabasi yangegombana na abiria kila kituo. Saa moja kwa nchi nzima ina faida. Ila tukumbuke kwamba ni makubaliano tu. Mfungaji wa Mbeya anayefuturu kwa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam inayosikika redioni anakula kama dakika 20 kabla jua lake halijazama. Ndiyo maana kalenda za Ramadhani huandika miji tofauti na dakika za kuongeza. Katika karatasi hizo ndogo zinazobandikwa ukutani, Mbeya bado ina jua lake na Iringa ina lake.