George Inn na nyumba ya babu

Nimepotea siku nyingi, test zimenibana. Leo nimeiba muda niwape stori ya jengo lililonikaa kichwani wiki nzima.

Linaitwa George Inn, liko kijiji cha Norton St Philip, Somerset, Uingereza. Wenyewe wanajitapa kuwa na leseni ya pombe tangu 1397. Na walioliweka hapo ni watawa jamani! Monasteri yao ya Hinton, jirani hapo, ilianzishwa 1232, na sufu ilikuwa biashara. Waliokuja kwenye gulio walilala humo, mzigo wa sufu ukakaa juu.

Litazame kwa mbele. Chini ni ukuta wa mawe. Juu kuna ghorofa mbili za mbao zilizoongezwa karne ya 15, kila moja imetokeza kuliko iliyo chini yake, kama mtu anayechungulia barabarani. Boriti ndizo zinazobeba uzito, nafasi katikati ni za kujaza tu. Na mafundi wa Uingereza enzi hizo walizoea kujaza kwa fito na udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha chokaa.

Hapo nikafunga kitabu. Si ndiyo nyumba ya babu kijijini hiyo? Miti, fito, udongo! Baba mdogo anataka kuibomoa Desemba ajenge ya tofali, eti udongo unatutia aibu. Na mimi, msomi wa ukoo, kwenye kikao mwaka jana nilimuunga mkono.

George limepita mengi. Mfalme Henry VIII aliifunga monasteri 1539, nyumba ikabaki na wageni wake. Samuel Pepys alikula hapo 1668. Mwaka 1685 jeshi la waasi la Monmouth lilipigana kijijini hapo, na baadaye baadhi ya waasi wakanyongwa hapo hapo. Leo linalindwa kisheria, daraja la juu kabisa, na bado wanauza chakula. Nadhani kutumika ndiko kulikoliokoa kuliko sheria.

Jana nimempigia baba mdogo, nikamweleza yote. Kanisikiliza weee, halafu: "Sawa mwanangu. Paa linavuja. Hao Waingereza wako watakuja kuliziba?"

Sikuwa na jibu. Nimemwomba asiguse kitu mpaka likizo, nifike kwanza na kamera na futi. Kasema atafikiria.