Uhura wa Star Trek: Neno la Kiswahili lilivyoingia kwenye tamthilia ya anga za juu

Septemba 8, 1966, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia ya Star Trek. Katika kipindi hicho hicho cha kwanza, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga, mwanamke mweusi anayeitwa Luteni Uhura, anasikika akizungumza Kiswahili.

Wenye lugha hawakusikia. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na hali ilibaki hivyo hadi mwaka 1994. Kuanzia Mofu na Ifakara hadi Dar es Salaam, kilichosikika majumbani kilikuwa redio. Leo mtu akiwa Mofu na simu yake na bando la kutosha anaweza kutafuta vipande vya tamthilia hiyo mwenyewe. Haya ndiyo yaliyotokea nyuma ya kamera.

Kwa haraka

- Mwanzilishi: Gene Roddenberry
- Studio: Desilu, baadaye Paramount
- Ilirushwa: 1966 hadi 1969
- Misimu: 3, vipindi 79
- Uhura: Nichelle Nichols (1932–2022)

Polisi aliyegeuka mwandishi

Roddenberry alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili, kisha polisi wa Los Angeles, kabla ya kuhamia kwenye uandishi wa televisheni. Mwaka 1964 alipeleka wazo lake Desilu, studio iliyomilikiwa na mchekeshaji maarufu Lucille Ball. Ilikuwa hadithi ya chombo kinachozunguka kwenye nyota kikiwa na watu wa mataifa mbalimbali wanaofanya kazi pamoja.

Kipindi cha majaribio, The Cage, kilikataliwa na NBC. Wakubwa wa kituo walisema kinafikirisha mno. Ila waliona kuna kitu ndani yake, wakafanya jambo ambalo ni nadra: waliagiza kipindi cha pili cha majaribio. Karibu waigizaji wote walibadilishwa. William Shatner akaingia kama Kapteni Kirk. Mhusika pekee aliyevuka ni Spock, aliyeigizwa na Leonard Nimoy.

Uhura hakuwemo katika vipindi vyote viwili vya majaribio. Aliongezwa baadaye, utengenezaji wa msimu wa kwanza ulipoanza.

Kitabu mkononi siku ya usaili

Nichols alikuwa mwimbaji na mcheza dansi aliyewahi kuimba na bendi ya Duke Ellington. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru, ya mwandishi Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962 na kuihusu Kenya. Nafasi yake ilikuwa bado haijaandikwa, hivyo alipewa maneno ya Spock ayasome.

Kitabu kile kilianzisha mazungumzo kuhusu maana ya neno uhuru. Roddenberry alilipenda lakini akaona ni zito kwa jina la mwanamke. Nichols akapendekeza irufi ya mwisho igeuzwe. Uhuru ikawa Uhura.

Kwa msemaji wa Kiswahili hapo pana kichekesho kidogo. Kwetu kuishia na "a" hakulifanyi jina kuwa la kike. Juma, Musa na Issa wanaishia na "a" na ni wanaume. Hata neno "uhura" lenyewe halimo kwenye lugha. Hiyo ni sikio la Kizungu, kama ilivyo kwa Maria na Anna.

Hata hivyo chaguo lilikuja wakati wake. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, Uganda Oktoba 1962 na Kenya Desemba 12, 1963. Kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakidai haki zao miaka hiyo hiyo, neno hilo lilikuwa na uzito. Na kwao kumwona dada yao akiwa ofisa ndani ya chombo, siyo mtumishi wa jikoni, kilikuwa kitu kipya kwenye televisheni.

Kiswahili ndani ya studio

Kipindi kilichorushwa kwanza kinaitwa The Man Trap. Kina kiumbe kinachonyonya chumvi kwenye miili ya watu na kinachoweza kujigeuza sura ya mtu ambaye unamwazia. Kinapokutana na Uhura kinakuja kama kijana mweusi mtanashati, na kinamsemesha kwa Kiswahili. Naye anajibu kwa Kiswahili. Yaani kiumbe kilipotafuta njia ya kuingia moyoni mwa Uhura, kilichagua lugha yake ya nyumbani.

Mwaka uliofuata, katika kipindi cha The Changeling kilichorushwa Septemba 29, 1967, mashine iitwayo Nomad inafuta kila kitu kichwani mwa Uhura. Anaanza kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama kwenye Kiingereza, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili.

Mistari ni michache, na anayeijua lugha atasikia lafudhi ya mtu aliyekariri. Lakini waandishi wangeweza kubuni maneno yasiyo na maana, kama ilivyofanyika kwenye filamu nyingi za Marekani zilizohusu Afrika. Walitafuta lugha halisi.

Vidumba vya chumvi na unga wa aluminiamu

Kila kipindi cha msimu wa kwanza kilikadiriwa kugharimu karibu dola 190,000. Kwa tamthilia ya miaka ile hiyo ilikuwa hela nyingi, lakini kwa hadithi inayohitaji sayari mpya kila wiki haikutosha. Hapo ndipo akili zilipofanya kazi:

- Kusafirishwa kwa mwanga. Kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungemaliza bajeti. Ikabuniwa mashine inayoyeyusha watu na kuwatokeza chini kwenye sayari. Ule mng'aro ulipatikana kwa kupiga picha unga wa aluminiamu ukianguka kwenye taa kali.
- Milango ya kujifungua. Haikuwa na mtambo wowote. Nyuma ya ukuta alikaa mfanyakazi akivuta kamba. Akichelewa, mwigizaji anagonga pua.
- Vifaa vya daktari. Kwa ajili ya The Man Trap zilinunuliwa chupa za chumvi za mezani zenye maumbo ya kisasa. Zilikuwa za ajabu kiasi kwamba mtazamaji asingejua ni za chumvi. Zikapelekwa kwa Dk. McCoy, zikawa vifaa vya upasuaji.
- Chombo chenyewe. Enterprise ilichorwa na Matt Jefferies. Modeli kubwa iliyopigwa picha ina urefu wa takriban mita 3.4. Upande wa kushoto haukumaliziwa kwa sababu ndiko nyaya za taa zilikopita, kwa hiyo kamera ilikaa upande wa kulia. Leo iko kwenye jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian, Washington.

Kifaa cha mkononi cha mawasiliano, kinachofunuliwa mfuniko ndipo mtu azungumze, kilitengenezwa na msanii Wah Chang. Ukikitazama sasa unaona simu ya kukunja, miaka 30 kabla ya Motorola StarTAC ya 1996.

Alipotaka kuacha kazi

Pamoja na umaarufu, Nichols hakuwa na mkataba kama wa waigizaji wakuu. Alilipwa kwa siku anazoitwa. Mistari yake ilikuwa ikipunguzwa script zinapohaririwa. Baadaye alisimulia kwamba hata barua nyingi za mashabiki wake zilizuiwa studioni bila yeye kuambiwa.

Msimu wa kwanza ulipoisha alimwambia Roddenberry kwamba anaondoka, arudi kwenye jukwaa la muziki. Roddenberry akamwomba afikirie hadi Jumatatu.

Wikiendi hiyo, kwa simulizi yake, alihudhuria hafla ya chama cha kutetea haki za weusi, NAACP. Akaambiwa kuna shabiki wake anataka kumwona. Kumbe shabiki ni Martin Luther King Jr. King alimweleza kwamba Star Trek ilikuwa miongoni mwa vipindi vichache sana ambavyo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kutazama. Nichols alipomwambia kwamba anaacha, King alimkatalia. Hoja yake ilikuwa kwamba akiondoka yeye, kiti kile anaweza kukalia mtu yeyote, lakini akibaki, watu weusi wanaonekana wakiwa sehemu ya kesho.

Jumatatu akarudi kazini.

Barua zilizookoa msimu wa tatu

Watazamaji hawakuwa wengi vya kutosha kwa NBC, na uvumi wa kufutwa ulienea. Mashabiki Bjo na John Trimble wakaendesha kampeni ya barua. Hakukuwa na hashtag wala grupu la WhatsApp. Ilikuwa kalamu, bahasha na stempu. Zilimiminika kwa wingi hadi Machi 1, 1968, NBC ikatangaza hewani kwamba tamthilia inaendelea.

Ushindi huo ulikuwa nusu. Bajeti ilikatwa, na kipindi kikapelekwa Ijumaa saa 4 usiku, muda ambao vijana wako matembezini. Cha mwisho kilirushwa Juni 3, 1969. Umaarufu mkubwa ulikuja miaka ya 1970, vituo vidogo vilipokuwa vikirudia vipindi kila siku.

Busu la Novemba 22, 1968

Katika kipindi cha Plato's Stepchildren, Kirk na Uhura wanabusiana wakilazimishwa na nguvu za watawala wa sayari. Ni miongoni mwa mabusu ya kwanza kati ya mzungu na mweusi kwenye televisheni ya Marekani. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu mahakama kuu ya nchi hiyo ifute sheria za majimbo zilizokataza ndoa za namna hiyo.

NBC ilihofia vituo vya majimbo ya Kusini, ikataka upigwe pia mkato usio na busu. Nichols alisimulia kwamba Shatner aliuharibu makusudi, akakodoa macho makengeza mbele ya kamera. Likabaki busu.

Kutoka studio hadi NASA

Mwaka 1977 Nichols alianza kazi na NASA ya kuwahamasisha wanawake na weusi kuomba nafasi za uanaanga. Kundi la 1978 lilikuwa na Sally Ride, Mmarekani mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko mwaka 1992, amesema mara nyingi kwamba utotoni alimtazama Uhura. Mwaka 1993 aliigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek mpya.

Na "Nyota" je?

Katika tamthilia ya awali Uhura hakuwahi kutajwa jina la kwanza. Nyota lilitokea kwenye kitabu cha William Rotsler cha 1982, na filamu ya 2009, ambamo Zoe Saldaña alimwigiza, ndiyo iliyolirasimisha. Safari hii hakuna irufi iliyobadilishwa. Katika Strange New Worlds, iliyoanza 2022, Celia Rose Gooding anamwigiza akiwa kijana, na hapo inaelezwa kwamba alikulia Kenya.

Nichols alifariki Julai 30, 2022, akiwa na miaka 89. Januari 8, 2024, sehemu ya mabaki yake ilirushwa kwa roketi ya Vulcan kwenda kulizunguka jua, pamoja na ya Roddenberry.