Dawa Isiyopenda Kukaa Majini

Msomaji, ukisimama leo katikati ya jiji la Nairobi, baina ya maduka na magari, ni vigumu kuamini kwamba mji huu ulipata kusafishwa kwa moto. Mwaka 1902, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli, tauni iliingia katika soko la Wahindi. Wakubwa wa wakati ule hawakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya tauni ndani ya mwili wa mtu; wakaamuru soko lichomwe. Maduka na mali za watu zikawa majivu. Moto ndio uliokuwa tiba.

Leo tauni hutibiwa kwa sindano. Dawa iitwayo jentamisini huweza kumwokoa mgonjwa akiwahiwa mapema. Jentamisini ni moja katika jamii ya viuavijasumu, yaani dawa zinazoua vijidudu vya bakteria au kuvizuia visizaane. Vitabu vingi hueleza jinsi dawa hizi zilivyogunduliwa. Mimi nataka kukueleza habari isiyosimuliwa mara nyingi: jinsi zinavyofikishwa katika damu ya mgonjwa zikiwa bado na nguvu zake. Maana dawa iliyopotewa na nguvu njiani haina faida kuliko maji matupu.

Wa kwanza kusumbuliwa na jambo hili walikuwa wataalamu wa penisilini. Alexander Fleming aliiona nguvu ya penisilini mjini London mwaka 1928, lakini kila alipojaribu kuipata safi iliharibika. Kazi ile iliendelezwa mjini Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley. Hao waliipata kwa hila ya kuigandisha na kuikausha hata ikawa unga. Mwezi wa Mei mwaka 1940 waliwatia panya 8 vijidudu vya maradhi. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kulipokucha, wale walioachwa walikuwa wamekufa wote, na waliotibiwa walikuwa hai.

Mwezi wa Februari mwaka 1941 wakamtibu polisi mmoja, Albert Alexander, ambaye vijidudu vilikuwa vimemla usoni na kumpotezea jicho. Siku chache akaanza kupona. Lakini dawa ilikuwa haba mno hata ikabidi kuichuja kutoka katika mkojo wake ili apewe tena. Hatimaye ikaisha kabisa, ugonjwa ukarudi, naye akafa mwezi wa Machi.

Kwa nini penisilini ilikuwa ngumu kuhifadhi? Jibu lilionekana mwaka 1945, Dorothy Hodgkin alipoutambua umbo wake kwa miale ya eksirei. Katikati ya penisilini mna pete ndogo ya atomi 4, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni. Pete hii imekazwa kama upinde uliovutwa. Mkazo huo ndio unaoipa dawa uwezo wa kupambana na vijidudu, na mkazo huo huo ndio unaoifanya ivunjike upesi. Ikikaa majini, maji huivunja pete, na dawa imekwisha. Kumbe kinachoibeba dawa ndicho kinachoiua!

Fikiri juu ya unga wa mahindi. Ukiwa mkavu ghalani hudumu siku nyingi. Ukishakorogwa uji, kesho umechacha. Penisilini na jamaa zake ni vivyo hivyo. Kwa hiyo viwanda vilikata shauri kuziuza zikiwa unga mkavu ndani ya vichupa, na maji yatiwe wakati wa kutumia. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini lilimwachia muuguzi kazi ya mwisho ya kiwanda.

Sasa twende upande wa magharibi, tuvuke barabara kuu ya Uhuru na kupanda kilima hata Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Hospitali hii ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George wa Sita, na baada ya uhuru ikaitwa kwa jina la Kenyatta. Katika wodi za hospitali kama hii, usiku na mchana, muuguzi hushika kichupa cha unga, akavuta maji safi kwa bomba la sindano, akayatia, akatikisa, akapiga hesabu ya kipimo kwa uzito wa mgonjwa, ndipo akadunga. Akikosea maji, kipimo kimekosewa. Sindano ikiguswa na mkono, vijidudu vimeingia. Ampisilini ikishachanganywa haina budi kutumiwa katika muda wa saa moja. Seftriaksoni ikikutana na maji yenye kalisi hufanya chembe ngumu, ambazo zimepata kuua watoto wachanga. Na penisilini ikitiwa katika bomba moja na jentamisini huiharibu mwenziwe.

Haya yote yangekuwa mepesi kama kila muuguzi angekuwa na mgonjwa mmoja. Lakini uchunguzi uliofanywa Nairobi umeonyesha kwamba katika hospitali za umma muuguzi mmoja huweza kuachiwa watoto wachanga zaidi ya 10. Kila mmoja ana saa yake ya dawa, na dakika za kukoroga haziongezeki.

Hapo utauliza: kwa nini dawa zote zisije zimekwisha kuchanganywa? Nyingine huja hivyo. Jentamisini haina pete ile, nayo hukaa majini muda mrefu bila kudhurika. Metronidazo huja katika chupa ya mililita 100 yenye miligramu 500 za dawa, tayari kwa kutundikwa. Kwa zile zenye pete dhaifu, wataalamu wametafuta hila. Wengine huzigandisha kama barafu ndani ya mifuko. Wengine wametengeneza mfuko wa vyumba viwili, unga huku na maji kule. Muuguzi akiuminya, ukuta hufunguka na dawa huchanganyika bila kuguswa. Mwaka 1990 na kitu hadi leo kazi hiyo haijakoma. Mwaka 2019 Marekani ilikubali vankomaisini iliyo tayari majini, iliyotiwa vitu vya kuituliza isiharibike. Lakini huhitaji kuwekwa penye baridi, na kwa ajili ya vitu hivyo imeandikiwa onyo kali juu ya wanawake wajawazito.

Basi kila raha ina gharama yake. Piga hesabu mwenyewe: miligramu 500 za dawa katika mililita 100 za maji maana yake ni kwamba maji ni mazito kuliko dawa mara 200. Lori litokalo Nairobi kwenda Lodwar likipakia mifuko kama hiyo, limepakia maji hasa. Na dawa itakayo barafu haitafika salama katika joto lile bila mashine ya baridi na umeme usiokatika. Kichupa cha unga ni chepesi, rahisi na kivumilivu, lakini humdai muuguzi muda na uangalifu. Mfuko ulio tayari humpunguzia muuguzi mzigo, lakini huudai mfuko wa serikali.

Historia ya dawa, msomaji, haikomei kwa mgunduzi. Albert Alexander hakufa kwa kukosekana ujuzi. Alikufa kwa sababu dawa iliyojulikana haikumfikia ya kutosha. Na leo pia yuko mtu anayeweza kufa karibu na kichupa chenye tiba yake, kwa kukosa maji safi, au saa moja ya muuguzi. Atakayepata njia ya kuitunza dawa majini, katika joto letu na kwa bei yetu, atakuwa ameimaliza kazi iliyoanzwa Oxford. Labda mtu huyo sasa ameketi darasani, ameshika kitabu hiki.