Kompyuta Nzima Zinazoitwa Kuukuu: Uzito wa Programu Mjini Lubumbashi

Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, umeupa ulimwengu shaba inayopitisha umeme ndani ya mashine, na kobalti ya eneo lake la Katanga huingia katika betri za kompyuta za mkononi. Hata hivyo kompyuta zenyewe mara nyingi huufikia mji huo zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, nazo ndizo za kwanza kuachwa nyuma kila programu zinapoongezeka uzito.

Uzito huo unapimika. Mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziwezesha nyingine kufanya kazi, wa Windows 95 uliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilidai 64, na Windows 11 ya mwaka 2021 inadai gigabaiti 4, takriban mara 1,000 ya ile ya kwanza, ilhali barua inayoandikwa haijarefuka. Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi, alikwisha kulalamika mwaka 1995 kwamba programu huzidi kulemea upesi kuliko mashine zinavyozidi kasi, kwa sababu waundaji hukubali kila kipengele, cha lazima na kisicho cha lazima.

Mjini Lubumbashi mzigo huo huvielemea zaidi vibanda vya sekretaria, yaani vya kuchapa na kutoa nakala, vilivyorithi kazi ya taipureta na ambako wanafunzi wamezoea kuchapisha kazi zao za kumaliza masomo. Taipureta ilipoharibika, fundi alibadilisha utepe au kunyoosha mkono wa herufi, ikaendelea kwa miongo. Kompyuta huweza kuwa nzima kila kiungo na bado ikamrudisha mteja, kwa kuwa waraka uliohifadhiwa kwa muundo wa Word wa mwaka 2007 haufunguki katika Word ya 2003 bila nyongeza maalumu. Fundi huongeza kipande cha kumbukumbu kilichotolewa katika mashine iliyokufa, lakini masasisho ya gigabaiti kadhaa hayana fundi, maana intaneti hununuliwa kwa kupimiwa megabaiti za simu.

Wenyeji wa mji huu wameona jinsi hukumu ya taka inavyobadilika: lundo la mabaki ya tanuru za kampuni ya madini ya Union Minière, lililorundikana kwa miongo mingi, lilianza kuchakatwa upya mwanzoni mwa karne hii ili kutoa kobalti. Kompyuta hazikupata hukumu kama hiyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, na Windows 11 hudai chipu ya usalama na vichakataji ambavyo kwa sehemu kubwa havitangulii mwaka 2017. Mifumo huria ya Linux inaweza kuziokoa kompyuta nyingi, ila mteja wa sekretaria hutaka waraka wake utoke sawasawa na ulivyopangwa ofisini au chuoni, na uamuzi wa programu itakayotumika huko haumo mikononi mwa fundi.